Pendo kwa Mujibu wa Taratibu

Nchi yenyewe inaitwa Tuposawa. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani; ramani ilipelekwa kwenye kamati mwaka juzi na kamati bado inakunywa chai. Itoshe kujua kwamba ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina viongozi wengi mno, hata wakati mwingine wanakosekana wa kuongozwa, ikabidi waazimwe wilaya ya jirani.

Katika nchi hiyo, mtaa wa Kwamkaanga, alikaa mgane mmoja jina lake Mwinjuma Kirobo. Mkewe Kidawa alikuwa na mwaka wa tatu ardhini, na Mwinjuma alikuwa na mwaka wa tatu hana wa kumwambia anyamaze.

Kazi yake ilikuwa kuwasemea watu. Banda la video la mtaani lilionesha filamu za Kihindi, za Kichina, na nyingine ambazo hata waliozitengeneza walishazisahau. Mwinjuma alisimama kando ya skrini, kipaza sauti mdomoni, akawageuza waigizaji wote wakawa watu wa Kwamkaanga. Kichina hakijui. Kihindi hana hata cha kuombea maji. Shule aliiaga darasa la tatu, siku mwalimu alipomwambia ana mdomo kuliko kichwa. Lakini muigizaji akifumbua kinywa tu, Mwinjuma alishajua anachotaka kusema, na aghalabu cha Mwinjuma kilikuwa kitamu kuliko cha mwenyewe. Mwana wa mfalme wa Uchina alilalamikia mahari. Mama mkwe wa Kihindi alitukana kama Mama Debora, muuza mihogo ya kukaanga pale mlangoni, na Mama Debora akisikia hujibu kutoka nje:

"Mimi sisemi hivyo, shemeji! Hapo mimi ningemalizia na babu yake!"

Alimwita shemeji kwa kuwa Kidawa alikuwa shoga yake wa kufa na kuzikana, na ndivyo ilivyokuwa: mmoja alikufa, mwenzake akazika.

Mwinjuma alikuwa na kanuni moja ya kazi. Filamu haiangalii kabla. "Ukishaijua," alisema, "utaisema kama askari anavyosoma mashtaka. Acha ikukute. Ikukute kama shida inavyomkuta mtu."

Ndani ya koti lake, mfuko wa kushoto, mlikaa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa cheti cha kifo cha mkewe, chenye mhuri na sahihi mbili. Kilisema: *Kidawa binti Shomari. Mahali alipofia: nje ya Hospitali Kuu. Chanzo cha kifo: papara.*

Neno hilo la mwisho ndilo lililokuwa likimla Mwinjuma kama mchwa.

*

Siku ile kifua kilimbana Kidawa tangu alfajiri. Mwinjuma aliazima mkokoteni wa Mama Debora, akautandika kanga tatu, akamlaza mkewe juu yake, akasukuma mpaka Hospitali Kuu. Hospitali ilikuwa mpya, inang'aa. Madaktari wamo ndani, wamevaa makoti meupe, wanaonekana dirishani. Mitungi ya hewa imo. Vitanda vimo, bado vimevaa nailoni zake. Na mlangoni, kutoka nguzo hii hadi nguzo ile, kulikuwa na utepe mwekundu.

"Haujakatwa, mzee," alisema askari wa mlangoni, Afande Lukonge, mtu mwenye sharubu na adabu.

"Mgonjwa wangu hapumui vizuri, afande. Tupite hata chini yake."

"Chini ya utepe ni ardhi ya serikali. Juu ya utepe ni anga la serikali. Msubirini Waziri, anakuja saa tatu."

Waziri wa Afya na Sherehe, Mheshimiwa Ngwamba, alikuja saa tisa. Akapokewa kwa ngoma, akakaa, akasimama, akahutubia mpaka saa kumi na mbili kasorobo, kisha akaukata utepe kwa mkasi wa dhahabu. Kufikia hapo Kidawa hakuwa na haja tena ya mlango wowote.

Serikali ya Tuposawa haipendi jambo lisilo na maelezo. Ilipiga hesabu ikaona hivi: huduma zilianza saa kumi na mbili kamili, marehemu alifariki saa kumi na moja na nusu, kwa maana hiyo marehemu angesubiri nusu saa tu angetibiwa, hakusubiri. Papara.

Kidawa! Mwanamke ambaye maharage yake yalichukua nusu siku jikoni kwa sababu alikataa kuyaharakisha. Mwanamke aliyemsubiri Mwinjuma miaka minne akusanye mahari, na watu wakimcheka.

Miaka mitatu Mwinjuma alikwenda kila Jumatatu kwenye Ofisi ya Vizazi na Vifo kuomba neno hilo lifutwe. Na kila Jumatatu karani, Bwana Kisonga, alivua miwani, akaipangusa, akaivaa, akasema yaleyale:

"Mzee Mwinjuma, cheti cha serikali hakikosei. Anayekosea ni marehemu."

*

Sasa ikatokea kwamba Rais wa Tuposawa, ambaye kwa sheria anaitwa Baba wa Tabasamu, alisafiri nchi za mbali akapelekwa kutazama filamu ya mapenzi. Akashangaa. Ukumbi mzima watu wanalia, wanapenga kamasi, kisha taa zinawaka wanakwenda zao nyumbani wametulia kama mbuzi waliokunywa maji.

Aliporudi aliita Baraza la Mawaziri. "Ndugu zangu, nimeona watu wanalia saa mbili nzima, na hakuna hata mmoja aliyetaja serikali. Nataka ya kwetu."

Kazi akapewa Mheshimiwa Ngwamba. Maana baada ya kushindwana na wagonjwa alikuwa amehamishiwa kwa wapendanao: alikuwa sasa Waziri wa Mapenzi na Mifugo Midogo. Naye akamteua muongozaji, Bwana Zakayo Mtumbuka, mtaalamu wa kuku wa mayai, ambaye sifa yake katika filamu ni kwamba aliwahi kupigwa picha.

Filamu ikapewa jina *Pendo kwa Mujibu wa Taratibu*. Hadithi ilikuwa nyepesi: kijana anampenda msichana, kuna mtu mbaya anawatenganisha, msichana anaugua, anakufa, watu wanalia. Mtumbuka aliiandika kwa siku moja na, tuseme ukweli, haikuwa mbaya kuliko nyingine.

Ndipo ikaanza safari ya kamati.

Kijana lazima awe mfano kwa jamii, wakasema. Basi akawa Mkuu wa Wilaya, na nani aigize Mkuu wa Wilaya kama si Mkuu wa Wilaya mwenyewe, bwana mnene aliyesema kila neno huku akitazama saa. Nafasi ya msichana wa miaka kumi na minane akapewa shangazi yake Waziri, mwenye hamsini na tisa na goti bovu, kwa hoja kwamba uzoefu una thamani yake. Kamati ya Maadili ikaagiza wapendanao wasikaribiane chini ya hatua nne, na katikati yao asimame muda wote ofisa wa wizara. Kwa hiyo ukiitazama filamu ile, kila mahali penye penzi, pale bustanini, pale kisimani, pale kwenye barua inayosomwa kwa siri, yupo bwana mwenye suti ya kahawia, ameshika faili kwapani, anatazama mbele.

Watu wa kweli hugombana kwenye mvua wakaachana. Lakini mvua ingeonesha mitaro, na mitaro ya Tuposawa haioneshwi. Basi wakaachana juani, wamefungua miavuli, Mkuu wa Wilaya akisema "mvua hii!" huku jasho linamchuruzika hadi kwenye tai.

Mtu mbaya ndiye aliyewatoa jasho zaidi. Akiwa tajiri, matajiri watanuna. Akiwa askari, haiwezekani. Akiwa mganga, mawaziri wawili wataona wametajwa wao. Mwishowe, kwa kuwa wizara ina mifugo midogo, mtu mbaya akawa beberu. Na haki ya mtu mpe: katika filamu nzima beberu ndiye pekee aliyeigiza. Alikula barua ya mapenzi kwa chuki ya kweli, mpaka mpiga picha akaogopa.

Ikaja habari ya kufa. Kamati ya Afya ikasimama wima. Msichana hawezi kuugua kwa sababu hospitali ipo. Aruhusiwe kuchoka kidogo. Kwa hiyo shangazi yake Waziri analala kitandani dakika thelathini na tano akichoka kidogo. Na kufa ndiyo kabisa. Raia hafi mikononi mwa serikali. Basi badala ya kufa akapewa uhamisho wa kikazi. Mkuu wa Wilaya anaushika ule waraka wa uhamisho, anatoa chozi. Moja tu, la jicho la kushoto, maana la kulia lilikuwa upande wa bendera.

Mtumbuka, ambaye moyoni alikuwa mtu mwema aliyewapenda kuku wake, aliomba walau mwishoni wafunge ndoa. Akaambiwa ndoa ni jambo la watu wawili, lina ubinafsi. Waoneshwe wakitazama uzinduzi wa kitu. Na kwa kuwa watu wa kujaza uwanja walikuwa wameshaondoka, njaa ikiwauma, akaingia ghala la picha la serikali akachomoa mkanda wa sherehe ya zamani, wenye umati unaopiga makofi, akauchomeka mwishoni. Ulikuwa wa sherehe gani hakuuliza. Nchi ya sherehe nyingi hiyo, utauliza ngapi?

Filamu ikakamilika. Wakaiwasha waitazame. Midomo inacheza, sauti hakuna.

Kumbe kisanduku cha kurekodia sauti kilikuwa na kufuli, ufunguo alikuwa nao ofisa mmoja, na ofisa huyo miezi yote mitano alikuwa kwenye semina. Semina yenyewe ilihusu umuhimu wa sauti.

*

Misafara haiji Kwamkaanga. Siku ulipokuja, magari tisa, watu walijua ama kuna aliyekufa ama kuna atakayekamatwa. Mama Debora akafunika mihogo yake.

Mheshimiwa Ngwamba akainama kuingia bandani, Mtumbuka nyuma yake na kijasho chembamba.

"Ndugu Mwinjuma," alisema Waziri, "taifa linakuhitaji."

"Karibu, Mheshimiwa. Mara ya mwisho taifa kunihitaji ilikuwa sensa. Wakanihesabu wakaenda."

"Tunayo filamu. Nzuri sana. Imepungukiwa kitu kidogo tu."

"Kitu gani?"

"Maneno," alisema Mtumbuka, akitazama viatu.

"Kesho kutwa saa nane mchana," Waziri akaendelea, "Baba wa Tabasamu ataitazama Ukumbi wa Taifa. Wewe utasimama pembeni usemee. Maneno haya hapa, yameshaidhinishwa." Akatoa karatasi. "Sema unachotaka wizara ikufanyie."

Mwinjuma hakufikiri mara mbili. Alitoa cheti, akakikunjua mara nne, akaweka kidole kwenye lile neno.

"Hili lifutwe."

Waziri akasoma. Alikuwa mtu wa kusoma polepole. "Ah. Pole sana. Alifia wapi hasa?"

"Mbele ya utepe wako, Mheshimiwa. Wewe unahutubia."

"Nimekata tepe mia nne na kumi na mbili, ndugu yangu. Zote kwa moyo mmoja." Akamrudishia cheti. "Semea filamu kama ilivyoandikwa, usitoke nje ya karatasi. Jumatatu asubuhi neno hilo litakuwa limefutwa. Neno la Waziri."

Walipokwisha kuondoka, Mama Debora aliingia na sahani ya mihogo, akaiweka kwa kishindo.

"Umekubali?"

"Nimekubali."

"Yule ndiye aliyewakalisha juani na mkokoteni wangu. Leo unakwenda kumtilia maneno mdomoni!"

"Mama Debora, mimi sitaki kisasi. Kisasi wanacho wenye shule. Nataka neno lile litoke. Mke wangu hakuwa na papara."

Mama Debora akakaa. "Ngoja nikwambie, shemeji. Hata harusi yako alichelewa. Bwana harusi unatoka jasho, bibi harusi yuko ndani anamalizia kusuka ukili. Anasema mkeka ukiachwa katikati unapinda."

"Basi si unaona?"

"Naona. Kula muhogo. Na hiyo filamu uliiangalia?"

"Siangalii kabla. Kazi ni kazi."

*

Ukumbi wa Taifa ulijaa, kwa sababu milango ilifungwa kwa nje. Mbele alikaa Baba wa Tabasamu na leso mpya mkononi, tayari kwa kulia. Nyuma yake mawaziri, kila mmoja na leso ndogo kidogo kuliko ya bosi wake. Nyuma kabisa walikaa wananchi waliochukuliwa mitaani kwa malori, Kwamkaanga wakiwa wengi.

Taa zikazimwa. Mwinjuma akasimama kando ya skrini, akaanza kusoma.

"Ewe Msichana," akamsemea Mkuu wa Wilaya, "nakupenda kwa mujibu wa taratibu na ndani ya bajeti."

"Ewe Kijana," akamsemea shangazi, "nimepokea pendo lako na ninalifanyia kazi."

Bwana wa suti ya kahawia akatazama mbele. Beberu akala barua. Hapo watu wakashtuka kidogo, mtu mmoja akapiga mbinja, kisha wakarudia hali yao. Ikaja ile miavuli juani. Ikaja kuchoka kidogo, na ukumbi mzima ukachoka pamoja na shangazi. Vichwa vikaanza kuangukia mabega ya jirani. Waziri wa Kilimo alikoroma. Leso ya Baba wa Tabasamu ilibaki kavu kama unga, akageuka kumtazama Ngwamba, na tabasamu lake lilikuwa la kisheria tu.

Mwinjuma alisoma. Alijua filamu inakufa, na alijua dawa yake. Maneno yalikuwa yamemjaa mdomoni kama maji ya moto. Angeweza kumfufua hata yule shangazi. Lakini aligusa mfuko wa kushoto akaendelea kusoma. Jumatatu. Jumatatu asubuhi.

Uhamisho ukaja, chozi la kushoto likatoka, likakauka. Ikabaki sehemu ya mwisho. Karatasi ilisema: *Wapendanao wanatazama uzinduzi. Umati unafurahi. Soma: Hili ndilo penzi la kweli.*

Mwinjuma akafumbua kinywa asome, akatazama juu.

Kwenye skrini kulikuwa na jengo jeupe. Kulikuwa na nguzo mbili, na utepe. Waziri Ngwamba, mwembamba kidogo kuliko sasa, yuko jukwaani, mkono hewani. Umati unapiga makofi. Na kulia, pembeni kabisa ya picha, mahali ambapo mpiga picha hakukusudia kupiga, kulikuwa na mkokoteni.

Juu yake amelala mwanamke. Kando yake mzee amemfunulia kanga kichwani kumkinga jua.

Mwinjuma alikuwa amewasemea watu miaka ishirini na sita. Alishasemea wafalme, majambazi, mizimu, mpaka farasi. Sasa alimwona mkewe anageuza shingo, ukubwa wa ukuta, na midomo yake inacheza bila sauti.

Ilimbidi amsemee. Kazi ni kazi.

"Baba," akasema, na sauti iliyotoka kwenye spika haikuwa ya shangazi wala ya msichana yeyote wa wizara, ilikuwa ya Kidawa, ile ya chini, isiyo na haraka. "Yule bwana anasema nini?"

Akajijibu kwa sauti yake mwenyewe, kwa sababu yule mzee kwenye skrini alikuwa ameinama na kujibu. "Anasema afya ni haki ya kila mtu."

"Amesema vizuri."

"Amesema vizuri, mke wangu. Sasa saa ya pili anasema."

"Basi nimpigie makofi. Huenda akatuona."

Na pale ukutani, mbele ya serikali nzima, mwanamke wa kwenye mkokoteni akainua mikono miwili kutoka kwenye kanga. Akapiga kofi moja. Akapiga la pili. Akaitenganisha mikono kwa ajili ya la tatu, na haikukutana.

Mzee wa kwenye skrini aliendelea kushikilia kanga. Alikuwa bado hajajua.

Kipaza sauti kilinyamaza. Watu wa Kwamkaanga hawakuwahi kumsikia Mwinjuma akinyamaza, wakaogopa. Waziri alikuwa amesimama, anamwashiria Mtumbuka kwa mikono miwili azime, na Mtumbuka ameziba uso kwa mikono yake miwili. Kisha kutoka nyuma ikapasuka sauti ya muuza mihogo:

"Sema, shemeji!"

Mwinjuma akaiacha karatasi ya wizara ianguke. Akatoa ile ya kwake. Akakikunjua cheti mara nne, hana haraka, akakisoma chote: jina, tarehe, namba, mahali alipofia. Kisha akasoma: "Chanzo cha kifo. Papara."

Kwenye skrini utepe ulikuwa ukikatwa.

Akasimama bibi mmoja safu ya katikati, mtu asiyemjua. "Hata cha mume wangu wameandika hivyohivyo," alisema. Akasimama kijana wa kiume. "Cha mama wameandika ubishi." Akasimama mwingine, na mwingine, na watu wakaanza kulia, siyo kwa leso, kwa mikono mitupu. Na Baba wa Tabasamu, ambaye kwa miaka mingi hakuna aliyemwonesha kitu pembeni ya picha, alijikuta leso imeloa chepechepe. Kuona hivyo mawaziri wote nao wakalia mara moja, kwa vyeo.

*

Kumkamata Mwinjuma kulikuwa na ugumu wa kisheria. Alikuwa amemliza Baba wa Tabasamu, na hilo ndilo aliloagizwa. Ikaundwa kamati ichunguze machozi ya Rais yalikuwa ya aina gani, ya sanaa au ya uchochezi, na mpaka imalize, mzee asiguswe. Wajumbe wakaagiza chai.

Jioni redio ilitoa tamko la wizara: "Filamu haikufeli. Waliofeli ni watazamaji, ambao walilia mahali ambapo hapakupangwa."

Jumatatu Mwinjuma alivaa koti lake akaenda Ofisi ya Vizazi na Vifo, kwa mazoea tu, maana ahadi ya Waziri alijua imekwenda na maji. Alipokata kona akasimama. Foleni ilianzia mlangoni, ikazunguka posta, ikapotelea sokoni. Kila mtu kashika karatasi yenye mhuri. Moja ilisema ubishi. Moja, kukosa shukrani. Mama mmoja kijana alishika cheti kidogo cha mtoto mchanga, kimeandikwa: haraka ya kuzaliwa.

Walipomwona wakamsogezea njia. "Wewe ndiye wa kwanza, mzee. Nenda."

Akaenda mpaka mlangoni. Na mlangoni, kutoka mhimili huu hadi mhimili ule, kulikuwa na utepe mwekundu, mpya, bado una mikunjo ya dukani. Kando yake kasimama Afande Lukonge, sharubu zilezile, adabu ileile.

"Haujakatwa, mzee," alisema, lakini hakumtazama usoni. "Ofisi imeboreshwa tangu jana. Itazinduliwa rasmi na Waziri."

"Lini?"

"Hawakusema."

Ndani, dirishani, Bwana Kisonga alionekana anapangusa miwani.

Mwinjuma akautazama utepe. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kufungia nywele za mtoto. Miaka mitatu alikuwa akiukumbuka mnene kama ukuta.

"Mama Debora," aliita bila kugeuka.

"Niko hapa, shemeji."

"Kisu chako cha kumenyea."

Akapewa. Kilikuwa kifupi, cheusi, kimenolewa mpaka kikaisha upande mmoja, bado kina utomvu wa muhogo. Foleni nzima ikasogea isikie, maana mtu akisimama mbele ya utepe Tuposawa, lazima ahutubie.

"Sina hotuba," alisema Mwinjuma, na akakata.

Utepe ukaanguka pande mbili bila kishindo chochote. Akavuka. Akaweka cheti mezani kwa Bwana Kisonga.

Karani alitazama mlangoni, akatazama foleni, akatazama lile neno. Alivua miwani, akaipangusa, na safari hii hakuirudisha machoni. Akachukua kalamu akalikata neno papara mstari mmoja.

"Hapa sasa niandike nini, mzee? Pahala pa chanzo cha kifo hapaachwi wazi. Niandike utepe? Niandike hotuba? Niandike Waziri?"

Mwinjuma, mtu wa maneno, akatafuta. Yalikuwepo mengi, na mengine yalikuwa ya Mama Debora.

"Andika: kusubiri."

Bwana Kisonga akaandika, akapuliza wino, akagonga mhuri.

Mwinjuma akakikunja mara nne, akakirudisha mfuko wa kushoto, akatoka. Mlangoni alimkuta Afande Lukonge ameokota utepe, anauviringisha taratibu kwenye vidole vyake. Alipomaliza alivua kofia, akatoa ndani yake karatasi kuukuu yenye mhuri, iliyolowa jasho la miaka mingi.

"Samahani, mama," alimuuliza Mama Debora kwa adabu yake ileile. "Mwisho wa foleni ni wapi?"

Mama Debora alimtazama kuanzia sharubu hadi viatu, akapangusa kisu kwenye kanga.

"Kule sokoni, afande. Na usiwe na papara."